Kamera ilikuwa wapi? Jibu kwa dada wa Mikindani

Swali: Mimi ni mama lishe, nipo Mikindani. Jumapili moja hapakuwa na mechi, mwenye kibanda umiza akatuwekea filamu ya Kifaransa ya ndege wanaosafiri dunia nzima. Maneno ni machache sana, ni mbawa tu, bahari na milima. Nilijikuta machozi yananitoka, na hadi leo sijui kwa nini. Shemeji yangu, fundi simu, akaniambia yote ni kompyuta, na kama si kompyuta basi ni ndege wa kufugwa waliofundishwa. Je, nimelizwa na uongo? Kamera ilikuwa wapi? Na ndege wa namna ile wanafika kwetu? Mwanangu wa kidato cha pili anataka kuwapiga picha kwa simu.

Jibu:

Dada yangu, salaam kutoka Lindi. Hukulizwa na uongo. Nalitanguliza hilo ili usome yaliyobaki ukiwa umetulia. Shemeji naye hakukosea kabisa na nitampa haki yake, ila alipoishia yeye ndipo jambo lenyewe linapoanza.

Kwa ulivyoieleza, naamini uliyoiona ni Le Peuple migrateur ya Jacques Perrin, iliyotoka mwaka 2001. Waliipiga kwa miaka 4, katika mabara yote 7. Zile sehemu zinazoonyesha dunia nzima ikielea gizani zilitengenezwa kwa kompyuta, hapo shemeji kapata. Ndege wenyewe hapana. Wale ni ndege wa damu na manyoya, na kamera ilikuwa pale pale unapodhani haiwezi kuwa: kando yao, juu angani, ikienda mwendo wao.

Ilifikaje huko? Ndege wa porini akisikia injini hukata kona na kupotea. Jibu linaanzia kwenye yai. Kifaranga cha bata bukini kikitoka kwenye ganda hakimjui mama yake ni nani. Chochote kinachotembea mbele yake na kumwitikia katika saa zile za mwanzo, hicho ndicho mama. Waliofuga nyumbani wanalijua hili: vifaranga vya bata vilivyoatamiwa na kuku humfuata kuku uani, na siku vikiingia dimbwini, kuku hubaki ukingoni akihangaika kwa watoto asiowaelewa. Konrad Lorenz wa Austria alilichunguza jambo hili katika miaka ya 1930, vifaranga vya bukini vikimfuata yeye kila aendako, na mwaka 1973 alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel kwa kuchunguza tabia za wanyama.

Watu wa Perrin walifanya vivyo hivyo. Waliwalea ndege wa aina kadhaa tangu kuanguliwa, wakiwazoesha sauti za binadamu na vyombo vya kupigia picha. Ndege walipokua, mlezi wao akapanda kijindege chepesi, kama tiara iliyofungwa injini, nao wakaruka kumfuata kwa kuwa mama yao ameketi mle. Kwingineko walitumia miavuli ya kurukia, maputo, boti, hata meli ya jeshi la majini la Ufaransa.

Hapa niseme jambo moja la lugha yetu. Mfaransa ana neno la kiumbe na neno jingine la mashine. Sisi tunasema ndege huyu, ndege hii, basi. Kinachovitenga ni kiungo kidogo cha sarufi. Katika filamu ile ndege huyu na ndege hii waliruka bega kwa bega, na mashine ndiyo iliyopunguza mwendo ili kumsubiri kiumbe. Kila nikiiona nafikiri jina lile tumelipa mahali pake.

Sasa hoja ya shemeji: wamefundishwa. Ndiyo, lakini walifundishwa nini? Walizoeshwa kumfuata mtu na kutoogopa injini. Hakuna aliyewafundisha kupiga mbawa. Hakuna aliyewaambia wakunje miguu nyuma, wanyooshe shingo, wajipange kwa umbo la herufi V. Mwaka 2014 watafiti walitoa kazi yao juu ya kwarara wa kaskazini, ndege wa mdomo mrefu uliopinda, wale wenye upara, waliolelewa kwa mikono ya watu na kufuata kijindege chepesi kutoka Austria kuelekea Italia. Kila kwarara alibeba kifaa kidogo mgongoni. Vifaa vikaonyesha kwamba kila mmoja alijiweka pale ambapo hewa inayotoka kwenye ncha ya bawa la mwenzake wa mbele inapanda, na alipiga bawa lake kwa kupatanisha na la mwenzake ili aipate hewa hiyo inayonyanyua. Mwaka uliofuata ikaonekana pia kwamba walikuwa wakipokezana kukaa mbele, palipo na kazi kubwa zaidi. Walezi wao walikuwa binadamu wasio na hata unyoya mmoja. Hilo hawakulipata kwetu.

Kwa hiyo unapomwona ndege wa kulelewa akiruka, mkono wa mtu uko kwenye malezi, hauko kwenye bawa.

Nisikufiche yaliyopangwa, maana yapo. Filamu inakata na kuunga: safari ya wiki nyingi unaipata kwa dakika chache, na ndege uliyemwona akiondoka si lazima awe ndiye uliyemwona akifika. Sauti nazo zina mkono wa watu. Kamera iliyokaa jirani na injini haiwezi kunasa mlio wa unyoya, ndiyo maana katika filamu nyingi za wanyama sauti za mbawa na pumzi hurekodiwa mahali pengine na kuunganishwa baadaye. Perrin mwenyewe hakudai kwamba ni makala tupu. Alisema si makala wala si hadithi ya kubuni, ni ngano ya maumbile. Kwangu mimi huo ni uungwana. Msimulizi wa ngano zetu naye hukwambia mapema kwamba anasimulia, kisha anakupa kweli yake.

Tuje kwenye machozi, maana nadhani hilo ndilo swali lako hasa.

Miaka yangu mingi nimeipitisha nikihesabu ndege kwenye matope ya ghuba ya Lindi, darubini shingoni. Siku nilipoiona filamu ile nilidhani ninawajua ndege. Baada ya dakika chache nikaelewa kwamba nilikuwa nawajua kwa chini tu. Sote tunamwona ndege kwa chini. Tunainua kichwa, tunaona tumbo na kivuli, naye anapita kama aliyepewa anga bure. Tunasema mtu huru ni kama ndege, na tunaposema hivyo tunafikiria kiumbe kisichochoka.

Filamu ile inakuchukua kutoka chini na kukuweka ubavuni. Hapo unaona kifua kinapanda na kushuka. Unaona mdomo umefunguka kidogo, jicho limetazama mbele, bega linavuta, linavuta tena, na halipumziki. Mbele kuna bahari na nyuma kuna bahari. Unaona kwamba kuruka ni kazi, na kazi yenyewe ni ya kurudia: pigo la mbawa lililopita halikusaidii kwa lijalo. Wewe unayeamka saa kumi alfajiri kukanda unga, na kesho yake tena saa kumi, kazi ya namna hiyo unaijua ukiiona. Nadhani ulilia kwa sababu uliitambua, na kwa sababu ulikuwa hujawahi kuiona ikiwa nzuri kiasi kile.

Maneno machache nayo yamechangia. Filamu nyingi za wanyama zinanichosha kwa msimulizi asiyenyamaza, anayekwambia sasa ogopa, sasa huruma. Hapa picha moja inakaa mpaka unajiuliza itakwisha lini, na katika kule kungoja unaanza kuona mambo usiyoonyeshwa: unyoya uliopinda, mmoja aliyebaki nyuma, namna mwangaza unavyobadilika kwenye mgongo uleule. Uzuri wa filamu hii uko katika subira yake.

Na kazi yenyewe si ndogo. Kuna buabua wa Aktiki, ndege wa gramu 100 hivi, anayezaa kaskazini kabisa mwa dunia na kuuhama msimu wa baridi hadi kwenye barafu ya kusini kabisa. Utafiti uliotolewa mwaka 2010 uliwafuata kwa vifaa vidogo vilivyofungwa miguuni, ukakuta kwa wastani wanasafiri kilomita 70,900 kwa mwaka. Mwaka 2022 ndege mmoja wa ufukweni, wa jamaa za sululu, mwenye umri wa miezi mitano, aliondoka Alaska akatua Tasmania baada ya siku 11. Kilomita 13,560 bila kula, bila kunywa, bila kutua popote, maana yeye si ndege wa kuelea juu ya maji. Kabla ya kuondoka ndege hawa hujaza mafuta mwilini, na matumbo yao hunywea ili kupunguza mzigo. Yaani jiko linafungwa, safari inaanza.

Korongo weupe uliowaona wakizunguka angani wana habari yao nyingine ninayoipenda. Kwa karne nyingi watu wa Ulaya hawakujua korongo wao wanakwenda wapi baridi ikifika. Mwaka 1822, karibu na Klütz huko Ujerumani, korongo mmoja alirudi na mkuki umemchoma shingoni ukapita, mkuki wa Kiafrika wa urefu wa sentimita 80 hivi. Aliruka nao hadi nyumbani. Wakamuua, wakamkausha, na mpaka leo yuko Chuo Kikuu cha Rostock. Mkuki ule ulikuwa barua. Mwindaji wa Afrika ambaye jina lake halikuandikwa popote ndiye aliyewajulisha wenye korongo kwamba ndege wao wanaishi kwetu nusu ya mwaka.

Na hapo nakujibu swali la tatu. Ndiyo, wanafika.

Si wale bata bukini, hao hubaki kaskazini. Korongo weupe wanafika Tanzania, ila wanapenda zaidi nyanda za bara kuliko pwani yetu. Tunaopata sisi wa Mtwara na Lindi ni wengine, na njia yao unaijua kwa jina: baadhi yao wanakuja na kaskazi. Upepo uleule uliosukuma majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi hadi Kilwa na Mikindani ndio unaowabeba.

Yuko kozi mdogo anayezaa mbali sana, kusini mashariki mwa Siberia na kaskazini mwa China, maeneo ya mto Amur. Uzito wake ni kama gramu 150. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja hukusanyika kwa maelfu mengi huko Nagaland, India, kula na kunenepa. Kisha huvuka Bara Hindi, huingia baharini na kuruka zaidi ya kilomita 3,000 za maji mpaka Afrika, akapita anga zetu kuelekea kusini mwa bara. Anakula nini njiani? Mwaka 2009 Charles Anderson, mwanabiolojia aliyekuwa akiishi Maldivi, alieleza kwamba kerengende, wale wekundu-njano wanaojaa juu ya madimbwi mvua za kwanza zikinyesha, wanavuka bahari hiyohiyo kwa upepo huohuo kutoka India hadi Afrika Mashariki. Akaona kwamba kozi na ndege wengine huenda wanasafiri wakiwafuata kama chakula. Kwa hiyo wakati watu wako shambani wanaokota korosho, kerengende aliyetua kwenye kamba ya kuanikia nguo anaweza kuwa mgeni kutoka ng'ambo. Nimewahi kusimama uani kwangu nikimtazama mmoja kwa muda mrefu mpaka majirani wakauliza kuna nini.

Huko Nagaland, hadi mwaka 2012, kozi hao walikuwa wakinaswa kwa nyavu kwa makumi ya maelfu. Picha zilipotoka, wanavijiji wakakaa na viongozi wao, na mwaka 2013 wakaacha. Vijiji vya mbali hivyo vilipokunja nyavu, walionusurika ni ndege wanaopita juu ya vichwa vyetu. Ndiyo maana siwezi kuzungumzia ndege wa Mtwara kana kwamba ni wa Mtwara tu.

Ninayempenda kuliko wote ni ndege mla kaa. Ni mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, mdomo mnene mweusi kama koleo. Anazaa kwenye fukwe na visiwa vya Uarabuni, Ghuba ya Uajemi, Bahari ya Shamu na Somalia, na namna yake ya kuzaa haina mfano kwa jamaa zake wote wa ufukweni: anachimba shimo refu mchangani, anataga yai moja jeupe ndani, mchanga wenye joto unasaidia kuliatamia. Baada ya hapo hushuka pwani ya Afrika Mashariki, na Ghuba ya Mnazi, iliyo ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000 na inayofika hadi kwenye maingilio ya mto Ruvuma, ni moja ya sehemu anazofikia. Hushuka na mtoto. Utamwona kwenye kupwa kule Msimbati: mtoto wa kimo cha mzazi, manyoya ya kijivujivu, anamfuata mama hatua kwa hatua akilialia apewe kaa. Safari yote ile amefika, na bado anadeka. Filamu haina picha hiyo, nami naisikitikia.

Kuna tofauti moja nataka uione. Filamu ilikuonyesha njia. Wewe unakaa kwenye kituo. Wenye kamera walikuwa wanakimbizana na mbawa. Mambo ya huku kwetu, miezi ya kula taratibu, kulala kwa mguu mmoja, kupona, kubadilisha manyoya ya kuchakaa, yalikuwa hayana mwendo wa kuwafaa. Lakini bila miezi hiyo hakuna safari ya kurudi. Vitwitwi wenye mdomo uliopinda chini kidogo, wanaozaa kwenye tundra ya Siberia, nyika ya baridi isiyo na miti, wanafika kwetu wamekonda, kisha huwa wa kijivu, huwezi kuwatofautisha na matope. Wafuatilie hadi mwishoni mwa mwezi wa tatu na mwanzoni mwa mwezi wa nne. Kifua kinaanza madoa, kisha kinawaka rangi ya matofali. Wananona mpaka mwendo unabadilika. Halafu asubuhi moja, kaskazi imeshalegea na kusi inaanza kunusa, unafika ufukweni na matope ni matupu. Wekundu ule waliuvaa kwetu, kwa minyoo na kaa wadogo wa mikoko yetu.

Nikiwa Lindi siwezi kuacha kuongeza hili. Mifupa ya dinosaria, wale mijusi wakubwa wa kale wa Tendaguru huku Lindi, ilichimbwa kati ya 1909 na 1913 ikabebwa mpaka Berlin, na ndege wote walio hai ni uzao wa ukoo huo wa mijusi ya kale. Mifupa ilikwenda kaskazini haikurudi. Nikiona kundi la vitwitwi linashuka kwenye mashamba ya chumvi mwezi wa tisa, hujisikia kama kuna waliorudi.

Sasa mwanao na simu yake. Simu ina jicho pana na fupi, ndege atatoka kama punje ya mtama. Akimfuata ndege ili amkaribie, ndege ataruka, na kila akirushwa anachoma mafuta aliyokuwa anayaweka kwa safari. Amwache ndege amfuate yeye. Achague siku za bamvua, mwezi mpya au mpevu. Siku hizo maji kwetu hukauka sana kwenye saa nne asubuhi, ndege wakiwa mbali huko kwenye matope. Yeye awahi kukaa kabla maji hayajaanza kurudi, chini ya mkoko au nyuma ya ngalawa iliyopandishwa ufukweni, jua likiwa mgongoni, nguo isiyong'aa, kimya. Maji yanapojaa huwasogeza ndege kuelekea nchi kavu, hatua kwa hatua, hadi mbele ya miguu yake. Ghuba ya Mikindani iko mlangoni kwenu, hahitaji nauli. Akipata darubini ya kuazima, aweke jicho la simu kwenye kioo cha kutazamia, atulize mkono juu ya jiwe au gogo. Na apige video badala ya picha, ndefu, bila kuhamahama. Aige subira ile ya Perrin.

Akiona ndege mwenye pete au kibendera cha rangi mguuni, aandike palepale: rangi gani, mguu wa kulia au wa kushoto, juu ya kifundo au chini yake, tarehe, saa, na mahali aliposimama. Kuna mtu mahali fulani aliyemvisha ndege huyo kwa mikono yake na hajui kama alivuka bahari. Aniletee maandishi hayo, nami nitamtafuta huyo mtu.